Muhogo Upimwe Hadi Majani

Katika mashamba ya Salamabila, mkoani Maniema mashariki mwa Kongo, kama mengi ya Kasongo na Kabambare, pori hufyekwa na kuchomwa, hupandwa mpunga wa mvua, kisha muhogo hushika ardhi hiyo hiyo. Shamba moja hutoa mchele wa kuuza, unga wa ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya kila siku. Basi aina ya muhogo inayosifiwa kwa uzito wa mizizi tu yaweza kumtia hasara mama anayechuma majani yake mwaka mzima. Ndiyo maana nashikilia kwamba utafiti uanze kwa kumuuliza yeye kipimwe nini, kabla mtaalamu hajachagua mbegu. Njia ya kinyume tumeijaribu. Tangu 1917 utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha wanavijiji kulima mazao ya kuamriwa, mwanzoni hadi siku 60 kwa mwaka. Maniema ikadaiwa mpunga na pamba. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa 1933 na kujenga kituo kikuu Yangambi, ilifanya sayansi ya maana sana, ila kwa mkulima mbegu na fimbo vilifika pamoja, naye akanyamaza na ujuzi wake.

Njia ya kumuuliza mkulima nayo imejaribiwa: kwa jirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti waliwaita wanawake mabingwa wa maharagwe wachague aina wenyewe katika kituo cha utafiti, majaribio yakiwa bado yanaendelea. Aina walizochagua ziliupita mchanganyiko wao wa kawaida kwa wastani wa hadi 38%, kwa kuwa walijua ipi itavumilia kivuli cha migomba na udongo uliochoka.

Atasema mtu: mkulima haoni virusi. Ni kweli. Batobato ya muhogo huenezwa na inzi weupe, na maabara ya INERA, mrithi wa INEAC, haina mbadala katika kutambua virusi vyake. Lakini maabara huchuja aina zinazostahimili. Haiwezi kujua ipi italiwa. Pingamizi zito zaidi ni vita, na dhahabu ya machimbo ya Namoya inayowavuta vijana. Hapo hasa ndipo naona hoja ikipata nguvu. Vijana wakienda machimboni, palizi huwaangukia wanawake, na aina inayofunika magugu mapema huwafaa kuliko yenye mavuno makubwa inayodai palizi tatu. Nayo mbegu iliyogawanywa katika mashamba ya kaya nyingi haipotei yote kijiji kimoja kikikimbiwa, tofauti na iliyorundikwa kituoni. Kwa hiyo majaribio yawekwe humo mashambani, na daftari la mtafiti liandike mizizi, vikapu vya sombe na siku za palizi.