Niuraminidesi: Kimeng'enya Kikatacho Sukari za Seli

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi meng'enya, yaani kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo vidogo. Aghalabu msomaji hulihusisha neno hili na chakula kilichomo tumboni. Hata hivyo, vimo vimeng'enya vifanyavyo kazi mbali na tumbo. Makala haya yanafafanua kimoja kati ya hivyo, niuraminidesi ya kirusi cha homa ya mafua, na sababu ya dawa za kukizuia kuhitaji kutumiwa mapema.

Ifahamike kwanza kwamba seli za njia ya hewa zimefunikwa na minyororo ya sukari. Kwenye ncha za mingi ya minyororo hiyo kuna sukari iitwayo asidi ya siali. Kirusi cha mafua huishika asidi hiyo kwa protini yake, hemaglutini, kisha huingia ndani ya seli na kuilazimisha itengeneze virusi vingine.

Hapo ndipo penye utata. Virusi vipya vinapochipuka, hemaglutini zake huishika asidi iyo hiyo, vikanasa juu ya seli vilimozaliwa. Niuraminidesi ndiyo ivinasuayo: hukata kiungo baina ya asidi ya siali na mnyororo wake. Hali kadhalika, huvisaidia virusi kupenya ute wa njia ya hewa, ambao nao umejaa asidi hiyo. Kwa ufupi, hemaglutini hufungua mlango wa kuingilia, niuraminidesi ule wa kutokea. Herufi H na N katika jina H1N1 zinawakilisha protini hizi mbili.

Dalili za kimeng'enya hiki zilionekana kabla ya umbo lake kujulikana. Mnamo mwaka wa 1942, George Hirst wa Marekani alieleza kwamba virusi vya mafua vilivyoshikamana na chembe nyekundu za damu ya kuku hujibandua baada ya muda, na chembe hizo hazishikiki tena. Ilidhihirika kuwa kitu fulani kilikuwa kimeondolewa juu yake. Mwaka wa 1983, Peter Colman, Graeme Laver na wenzao nchini Australia walichapisha umbo la niuraminidesi, likiwemo shimo dogo ambamo asidi ya siali hukaa wakati wa kukatwa.

Ujuzi huo ulizaa dawa mbili, zanamiviri na oseltamiviri, zilizoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1999. Dawa hizi huliziba shimo hilo. Haziui virusi vilivyokwisha kusambaa, bali huzuia vipya visitoke. Ndiyo maana hufaa zaidi zikianzwa katika saa 48 za mwanzo wa dalili. Achelewaye hufunga mlango ilhali wengi wamekwisha kutoka.

Kirusi nacho hakikulala. Kufikia msimu wa 2008 hadi 2009, virusi vingi vya H1N1 vya msimu vilikuwa vimebadilisha asidi amino moja tu ya niuraminidesi. Oseltamiviri haikukaa tena sawasawa shimoni, lakini kimeng'enya kiliendelea kukata sukari. Zanamiviri bado ilivizuia. Badiliko moja dogo lilitosha kuipokonya dawa nguvu yake. Hivyo basi, dawa hizi zapaswa kutumiwa kwa ushauri wa daktari na kwa wakati ufaao.