Mukami Kimathi, mke wa mpiganaji aliyengoja miaka 66



Juma hili tunamkumbuka mama mmoja wa Kenya, Mukami Kimathi, aliyefariki Nairobi mwezi wa tano 2023, akiwa amepita miaka 90. Alizikwa Njabini, katika jimbo la Nyandarua, tarehe 13 ya mwezi ule, na viongozi wakubwa wa nchi walifika kumsindikiza. Pengine mtauliza, mama wa Kenya anatuhusu nini sisi wa Misisi? Anatuhusu sana. Hapa kwetu ni vigumu kupita mitaa miwili bila kukuta mama ambaye mume wake amevaa au alivaa nguo za jeshi, au aliondoka na silaha siku moja na hajaonekana tena.

Mume wa Mukami alikuwa Dedan Kimathi, mtu wa Nyeri. Kabla ya kushika bunduki alikuwa ameshika chaki, maana alifundisha masomo ya watoto. Mwezi wa kumi 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari katika Kenya, na vita vya Mau Mau vikawaka. Wananchi walidai ardhi yao na uhuru wao. Kimathi akaingia msituni na kuwa mmoja wa wakubwa wa wapiganaji.

Vita vile havikuwa vya wanaume peke yao. Chakula, dawa na habari vilifika msituni kwa mikono ya wanawake. Watu zaidi ya milioni moja walitolewa katika nyumba zao na kusongamanishwa katika vijiji vyenye ulinzi, na maelfu ya wanawake walifungwa katika kambi ya Kamiti. Mukami naye alifungwa huko.

Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 ya mwezi wa kumi 1956. Alihukumiwa Nyeri, akapewa adhabu ya kifo. Mukami aliruhusiwa kumwona kwa mara ya mwisho, na asubuhi ya tarehe 18 ya mwezi wa pili 1957 mume wake akanyongwa palepale Kamiti. Waingereza walimzika katika kaburi lisilo na alama, na mke hakuonyeshwa mahali.

Usiku wa kuamkia kifo chake, Kimathi alimwandikia barua padri mmoja wa misioni ya Nyeri. Barua hiyo ipo mpaka leo. Sisi tunaofundisha hatuwezi kuisoma bila kusimama kidogo. Mtu aliyebakiza saa chache aliomba mtoto wake wa kiume asaidiwe kuingia masomo. Aliomba mama yake mzazi, ambaye alikuwa mzee sana, atembelewe na kufarijiwa. Halafu akasema kwamba mke wake yuko kifungoni Kamiti, anaona upweke, na masista wamwendee. Masomo ya mtoto, mama mzee, mke aliye peke yake: hiyo ndiyo mizigo ambayo askari huiacha nyumbani, na kila mke wa askari anaijua.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 ya mwezi wa kumi na mbili 1963. Ungefikiri mjane wa shujaa angeketi mbele. Haikuwa hivyo. Sheria ya kikoloni iliyokataza Mau Mau iliachwa mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Kwa muda huo wote Mukami alilima, alilea watoto, na aliwasemea wapiganaji wazee waliobaki bila ardhi, wakati ardhi ndiyo waliyoipigania. Mwaka 2007, miaka 50 kamili baada ya kifo, sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi. Huko Nyeri, chuo kikuu kina jina lake.

Lakini mama huyu alitaka mifupa ya mume wake. Aliomba kila serikali iliyokuja itafute kaburi lile Kamiti, ili amzike Kimathi kwa heshima kama mtu mwenye watu. Miaka 66 ilipita, naye akaingia kaburini kabla ya ombi lake kujibiwa.

Sisi wa Fizi tunaelewa uzito wa jambo hili. Tangu maasi ya 1964, na miaka mingi ya maquis katika milima ya Hewa Bora, hadi vita vya siku zetu, wako bibi zetu waliongoja mtu mpaka nywele zikawa nyeupe. Aliyefiwa na kuzika, watu hukaa naye kwenye matanga, humpikia, humlilia. Asiye na kaburi la kuonyesha, nani hukaa naye? Wengine humwambia bado aolewe, wengine humwambia angoje, na wakwe wanaanza kuhesabu vyombo vya nyumba.

Kwa hiyo tunapomkumbuka Mama Mukami, tuone nini kiko mikononi mwetu. Katika kila kundi letu tujue ni wamama gani wanaongoja, tuwatembelee bila kusubiri habari mbaya. Mama wa askari aweke pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na namba ya mume wake ya jeshi, mahali ambapo mvua na moto havifiki, maana siku ya shida ofisi huuliza karatasi kwanza. Aliye na ndoa ya mila peke yake aende kuiandikisha mapema, na mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 za kuzaliwa, kama sheria yetu ya 2009 inavyotaka. Na mtoto wa aliyepotea vitani asirudishwe nyumbani kwa deni la masomo huku likelemba yetu ikiwa na kitu.

Kimathi aliomba mtu amwendee mke wake. Hapa Misisi, mtu huyo ni jirani yake. Mungu ampumzishe Mama Mukami kwa amani.