Chumba cha Rubani Ndani ya Nyumba
Edwin Link wa Binghamton, Marekani, mtoto wa mtengenezaji wa vinanda, alibuni mwaka 1929 ndege ya kujifunzia isiyoruka, akitumia mivukuto ya vinanda hivyo. Leo wapenzi wa urubani hujijengea chumba cha namna hiyo nyumbani, lakini kazi huanzia kwenye kompyuta: kila kipande huchorwa kwanza kwa vipimo vyake kamili. Tundu la saa ya kuonyesha kimo, katika ndege nyingi ndogo, lina kipenyo cha milimita 79.4. Ukilipanua mno, ndugu msomaji, ubao uliokwisha kukatwa ni kuni. Mchoro hufutika bila gharama, mbao hununuliwa. Tena mchoro huonyesha mapema jambo ambalo ni rahisi kulisahau: je, magoti ya mwenye nyumba yatapita chini ya usukani?