Manemane na Spiriti

Mtu akitwaa kipande cha manemane, ule utomvu mwekundu na mchungu unaochirizika katika magome ya miti ya Somalia, Uhabeshi na Arabuni, akakiponda na kukitia katika bilauri ya maji hata asubuhi, atayakuta maji yamekuwa meupe kama tui jepesi, na chini limetuama donge linalonata ambalo maji yameshindwa nalo. Lakini akiupa utomvu uo huo spiriti kali badala ya maji, mambo hupinduka: uchungu, rangi na harufu huhamia katika spiriti, na kinachosalia chini ni gundi tupu, ambayo maji ndiyo yangeiyeyusha. Mti mmoja umetoa vitu viwili, na kila kimoja kina bwana wake.

Hiyo ndiyo siri ya dawa ziitwazo tinkcha. Chembe ya spiriti ina pande mbili: mmoja husuhubiana na maji, na wa pili husuhubiana na mafuta, kwa hiyo ikichanganywa na maji kwa kadiri tofauti, humpa mtengeneza dawa uwezo wa kuchagua nini kitoke katika mmea na nini kibaki. Manemane hutaka spiriti ya asilimia 90, sehemu tano kwa sehemu moja ya utomvu, ikalowekwa kwa siku kadhaa huku chupa ikitikiswa mara kwa mara, kisha ikachujwa. Magome na mizizi aghalabu hutosheka na asilimia 45 hadi 60, na majani yenye ukakasi hutoa ukakasi wao hata katika asilimia 25. Basi hukosea sana adhaniye kwamba kadiri spiriti inavyozidi ukali ndivyo dawa inavyozidi nguvu, kwani ule utelezi tuujuao katika bamia, ambao katika mimea mingine ndio dawa yenyewe, ukikutana na spiriti kali huganda na kutengana nayo.

Faida ya pili ni akiba. Majani yaliyochemshwa huchacha baada ya siku chache, ilhali tinkcha iliyofikia kama asilimia 20 ya spiriti au zaidi haioti kuvu, nayo hukaa miaka ikifunikwa vyema mbali na mwanga.

Spiriti hii huitwa pia alkoholi, na neno hilo limetokana na Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja, likapita katika maana ya unga laini kabisa hata likaja kuwa jina la roho ya mvinyo. Na al-Kindi wa Iraki, katika karne ya 9, aliandika habari za kuukeneka mvinyo kwa njia isiyo mbali na ile itoayo marashi ya mawaridi. Je, ni halali kwa Mwislamu kuitumia spiriti kwa dawa? Ulamaa wana kauli zao, nami si mufti. Nitasema tu kwamba matabibu wa zamani walijua pia kuloweka dawa katika siki, na leo wako watumiao gliserini, ingawa gliserini ni dhaifu mbele ya utomvu kama wa manemane.

Tinkcha ya manemane husukutuliwa kwa ajili ya fizi zenye vidonda, matone machache katika bilauri ya maji, na papo hapo maji huwa meupe, kwa sababu spiriti imezidiwa na maji na kile ilichokibeba kimetupwa nje.

Kwa atakayetaka kujitengenezea nyumbani nina ombi moja: asiikaribie spiriti ya kuwashia jiko, maana aghalabu imetiwa methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua, wala asitumie gongo, ambayo hakuna ajuaye kilichomo ndani yake.