Umeme Mkubwa Mwisho wa Laini

Amplifaya ya gitaa ya valvu, ya miaka ya 1960, ikikutwa na volti nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye mchoro wake, kishawishi cha kwanza ni kufungua kasha na kuanza kubadilisha vifaa. Kwa Kyela na eneo lote la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, tangu Kasumulu mpaka Matema, nadhani kutafuta chanzo kuanzie kwenye soketi ya ukutani, kisha kuhamie kwenye swichi ya kuchagua volti nyuma ya kasha. Ndani pafuate baadaye. Sababu yangu ni kwamba mahali penye umeme mdogo, volti nyingi zinaweza kuletwa na dawa iliyotumika kutibu upungufu wenyewe.

Umeme wa majumbani Tanzania umewekwa kuwa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Waya mrefu hula sehemu ya volti hizo, na hula zaidi mzigo unapoongezeka. Katika nchi ya mpunga kama Kyela, mashine za kukoboa zinapowaka pamoja, aliye mwisho wa laini hupata pungufu. Usiku zikizimwa, volti hupanda tena. Sasa tuchukue amplifaya ya Kiingereza yenye swichi ya volti. Ukuta ukitoa 205, sauti hulegea, na mtu huihamishia swichi kwenye 205. Kwa saa ile hakukosea. Lakini ukuta ukirudi 235, kila volti ndani ya kasha imezidi kwa karibu asilimia 15. Nyuzi za kupashia valvu joto, zinazotaka volti 6.3 na kuvumilia asilimia 10 juu au chini, hupata 7.2. Volti kuu, ile inayolisha anodi za valvu, kama ni 320 huwa karibu 367. Valvu ya EL84 ilipewa na watengenezaji wake kikomo cha volti 300 kwenye anodi, na amplifaya ya Vox AC30 tangu kiwandani iliziendesha juu ya hapo. Hakuna akiba iliyobaki ya kuchezea.

Amplifaya ya Kimarekani ina shida ya namna yake. Iliundwa kwa volti 117 na mizunguko 60, kwa hiyo hapa hupitishiwa transfoma ya kupunguza nusu. Ukuta ukipanda hadi 250, amplifaya hupokea 125, na volti kuu ya 420 hufika kama 449, ilhali kapasita zake huenda zimeandikwa 450. Tena pale palipofungwa dayodi za kunyoosha umeme, volti hupanda kupita hapo kwa sekunde kadhaa kabla valvu hazijapata joto na kuanza kuvuta mkondo. Transfoma ya nje hupunguza volti lakini haibadilishi mizunguko. Chuma cha transfoma iliyokusudiwa mizunguko 60 tu hubeba sumaku zaidi kwa sehemu moja ya tano kwenye 50, na hupata moto kupita kiasi hata mita ikionyesha 117 kamili.

Fundi atajibu kwamba amepima ukuta akakuta 230, na bado ndani volti zimezidi. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake liko kwenye nyuzi za joto. Zipimwe pamoja na ukuta, saa ileile. Nyuzi zikizidi kwa asilimia sawa na volti kuu, kosa liko ukutani, kwenye swichi au kwenye transfoma. Nyuzi zikiwa karibu na 6.3 na volti kuu pekee ndiyo imepanda, basi mzigo hauvuti mkondo wake, au valvu ya kunyoosha umeme kama 5Y3, ambayo yenyewe hula makumi ya volti, imeondolewa na kuwekwa dayodi. Mkondo hupimwa kwenye rizista ya kathodi: volti 10 juu ya rizista ya ohm 50 ni miliampia 200, yaani 50 kwa kila valvu zikiwa nne. Ukikuta volti 5, mkondo ni nusu; valvu zimechoka, au mguu mmoja haugusi soketi, jambo la kutazamwa kwa makini penye mvua na unyevu wa Kyela.

Wengine husema stabilaiza inamaliza yote. Ni chombo cha kununua, nami naipendekeza, ila haiwezi kusahihisha swichi iliyoachwa kwenye 205. Itailetea amplifaya 230 safi usiku kucha. Kuweka kapasita za volti 500 nako ni busara, lakini kunazikinga kapasita na kuziacha valvu zikiungua. Wapo pia wanaosifu sauti ya volti nyingi. Sauti hiyo ipo kweli, lakini hulipiwa kwa valvu, ambazo duka la jirani haliziuzi.

Vipimo hivi vinaweza kuua. Mita na nyaya zake ziwe za kuhimili volti 1000, mkono mmoja ukae mbali na kasha, miguu iwe pakavu. Baada ya kuchomoa plagi, kapasita zimwagwe kupitia rizista, kisha zipimwe tena kabla ya kugusa chochote. Kazi ikiisha, ndani ya kasha ibandikwe karatasi yenye saa ya kupima, volti za ukuta, za nyuzi na volti kuu, pamoja na namba iliyoachwa kwenye swichi.