Je, Wajua? Askari Akiua, Nani Afungue Faili?

Je, wajua kwamba jamaa wa marehemu hawapaswi kubembeleza uchunguzi? Nchini Kenya, Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya mwaka 2011 inasema polisi akitumia nguvu na mtu akafa, mkubwa wake lazima atoe taarifa mara moja kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, nayo ichunguze. Hata mama wa marehemu akinyamaza kwa hofu, serikali haina ruhusa ya kunyamaza.

Je, wajua kwamba “nilitumwa na mkubwa wangu” si kinga? Sheria hiyo hiyo inasema hivyo waziwazi.

Je, wajua kwamba IPOA haina mamlaka juu ya jeshi? Hili liwashughulishe sana watu wa Manda, Lamu, kwa kuwa hapa mvuvi hukutana na wanamaji baharini, na mwaka 2015 operesheni ya usalama ya Linda Boni iliwaleta wanajeshi bara ya Lamu. Mwanajeshi akituhumiwa kuua raia, njia haijafungwa: Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumwamuru Inspekta Jenerali wa polisi achunguze.

Je, wajua kwamba mtu akifia mikononi mwa polisi au gerezani, hakimu aliye karibu, mwenye mamlaka ya kuchunguza vifo, ndiye wa kuchunguza chanzo cha kifo? Na sheria haiwasahau waliopotea: mtu asiyeonekana na anayedhaniwa amekufa pia huandikiwa ripoti ya polisi. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliorodhesha visa zaidi ya 100 vya watu waliouawa au kutoweka katika vita dhidi ya ugaidi. Kila kisa cha kutoweka ni nyumba isiyojua isome hitima au iendelee kungoja.

Je, wajua kwamba kuzika haraka, kama ilivyo desturi yetu, hakufuti haki? Hakimu anaweza kuamuru maiti ifukuliwe. Lakini ni afadhali ikaguliwe kabla ya kuzikwa, tena kwa heshima. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa uitwao Itifaki ya Minnesota, uliotolewa 1991 na kupitiwa upya 2016, unaipa familia haki ya kuwa na mwakilishi wakati wa upasuaji wa maiti.

Je, wajua kwamba polisi hufungwa? Agosti 2014 msichana wa miaka 14 alipigwa risasi na polisi nyumbani kwao Kinango, Kwale. IPOA ilichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia.

Na askari wa kigeni? Novemba 2019 hakimu wa Nanyuki aliamua kwamba mwanamke aliyekutwa katika shimo la maji taka mwaka 2012 aliuawa na askari wa Uingereza, mmoja au zaidi. Hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa Septemba 2025. Miaka 13! Huko si kuchunguza mara moja.

Je, wajua kwamba serikali hupaswa pia kujichunguza iliposhindwa kulinda? Wamarekani watatu waliuawa na al-Shabaab kwenye kambi ya Manda Bay tarehe 5 Januari 2020. Nchi yao ilichunguza mara mbili, na Machi 2022 ikatangaza mapungufu ya ulinzi wake yenyewe. Watu wa Lamu waliopoteza wapendwa wao wanastahili kadiri hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa dhidi ya kutowesha watu tarehe 6 Februari 2007, na haijauridhia?

Basi, ndugu msomaji, yakikufika usirudi nyumbani kutoka kituoni bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Dai nakala ya ripoti ya daktari. Andikia IPOA, andikia Mkurugenzi wa Mashtaka, na weka nakala ya kila barua.