Kompyuta Ikikwama, Tumwite Nani?

Mabishano juu ya mifumo ya kompyuta, yaani ile ya kununuliwa na ile huria, yamekuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na watu wasio na haja ya kumwita fundi. Wanaoisifu Windows ya kampuni ya Microsoft hutuambia kwamba anayenunua bidhaa hununua pia haki ya kuhudumiwa. Wanaoisifu Linux nao hutuambia kwamba nyuma ya mfumo huo lipo jeshi la wajuzi ulimwenguni kote, walio tayari kumsaidia yeyote pasipo malipo. Kauli zote mbili zina ukweli wake. Lakini mwalimu wa Mtongwe au Mtopanga, ambaye mashine yake imeganda usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi alama za mtihani, hajui mlango wa kampuni uko wapi, wala jeshi hilo limepiga kambi wapi. Swali lake ni moja: nimwite nani, na nizungumze naye kwa lugha gani?

Swali hilo limepata uzito mpya tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ulioenea katika kompyuta nyingi mno. Mrithi wake, Windows 11, aliyetolewa Oktoba 2021, anadai prosesa ya kisasa na chipu maalumu ya usalama, na kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2017 hazitimizi masharti hayo. Watumiaji wa nyumbani walitangaziwa muhula wa nyongeza wa marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa masharti fulani au kwa malipo ya dola 30.

Tuyatazame mambo hayo kutoka huku kwetu bara ya Mombasa. Kompyuta nyingi tuzionazo majumbani na shuleni, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, ni za mtumba. Zilifanya kazi katika ofisi za ng'ambo, zikastaafishwa, kisha zikaja kuanza maisha ya pili kwetu. Mashine hizo bado zinawaka, zinaandika na kuchapisha. Kilichokwisha ni ahadi ya aliyeutengeneza mfumo uliomo ndani yake. Mwenye mashine amebakiwa na njia tatu: ainunue nyingine, aendelee na hiyo bila kinga mpya, au ahamie mfumo huria ambao fundi wa mtaani kwake huenda hajawahi kuushika. Hapo ndipo mjadala unapoacha kuwa wa wataalamu na kuwa wa mwalimu na mwanafunzi.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa kompyuta, au tarakilishi kama wapendavyo kuiita baadhi ya wenzangu. Nitaanza basi na nilijualo, yaani maneno. Kiswahili kinatofautisha huduma na msaada. Huduma ni kitu unachostahiki. Umekilipia kwa fedha au kwa kodi, na ukikikosa una haki ya kulalamika. Msaada ni hisani. Mtoaji ana hiari ya kutoa au kutotoa, nawe ukipewa hushukuru. Hapana shaka mnunuzi wa kompyuta huamini kwamba amenunua huduma, na anayetumia mfumo huria huamini kwamba amejitegemeza kwenye msaada. Tukizisoma leseni, tutakuta mpaka huo haukuchorwa pale tulipodhani.

Leseni ya Windows iliyokuja ndani ya kompyuta mpya humwelekeza mtumiaji kwa aliyeiunda kompyuta kuhusu masuala ya kuhudumiwa. Pakitokea hasara, leseni hiyo huwekea mipaka madai ya mtumiaji, yasizidi kiasi alicholipia programu. Leseni mashuhuri ya programu huria, GPL, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1991, husema waziwazi kwamba programu inatolewa bila ya dhamana yoyote kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Kwa hiyo ukipoteza insha za darasa zima, hakuna mfumo kati ya hiyo miwili utakaokulipa jasho lako. Tofauti iliyopo ni kwamba mmoja hukwambia hivyo baada ya kukutoza.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba huria maana yake ni kukosa huduma ya kulipia. Kampuni ya Red Hat ya Marekani ilijenga biashara kubwa kwa kuuza huduma ya Linux, si Linux yenyewe, na mwaka 2019 kampuni ya IBM ikainunua kwa takriban dola bilioni 34. Fedha hizo hazikutolewa kwa ajili ya kitu ambacho kila mtu anaweza kukichukua bure. Zilitolewa kwa ajili ya watu wanaojibu simu pale kitu hicho kinapoharibika. Makampuni makubwa, basi, yamekwisha kutambua kwamba thamani iko kwa fundi. Sisi watumiaji wa kawaida ndio tunaoendelea kubishana juu ya sanduku.

Kiswahili kimetuneemesha kwa jambo jingine. Waingereza wana neno moja lenye kubeba maana ya uhuru na ya kutolipa, nao wapenzi wa programu hizi, tangu Richard Stallman alipoanzisha mradi wake wa GNU mwaka 1983, wamehangaika kueleza kwamba wanakusudia uhuru. Sisi tunasema huria, kama tusemavyo soko huria, na tunasema bure, hayachanganyiki. Tena neno bure lina sumu yake, maana kazi bure ni kazi isiyo na faida. Wahenga walionya kwamba rahisi ni ghali. Mwenye kupewa mfumo bila ya kulipa, kisha akapoteza siku tatu akitafuta namna ya kuifanya printa ichapishe, amelipa. Amelipa kwa muda.

Lakini tuwe wakweli. Muungano wa makampuni ya programu unaojulikana kama BSA ulikadiria kwamba mwaka 2013 asilimia 78 ya programu zilizotiwa katika kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni halali. Ni makadirio ya wauzaji, na mtu ana haki ya kuyatilia shaka. Ila yeyote aliyewahi kupeleka mashine kwa fundi hatashangaa. Maana yake ni kwamba wengi wetu hatulinganishi cha kununua na cha bure. Tunalinganisha vitu viwili ambavyo hatukuvilipia, kimoja kwa ruhusa na kingine kwa kificho. Na aliyechukua kwa kificho hana hata pa kulalamikia.

Kwa nini basi tunashikilia kile cha kificho? Nadhani ni kwa sababu ndicho akijuacho fundi. Nimewahi kukaa katika karakana za Magongo na Kongowea nikisikiliza jinsi wateja wanavyoeleza maradhi ya mashine zao. Hawatumii istilahi za vitabuni. Husema mashine imeganda, inajizima, haiamki, inanguruma, imekula faili, imeshika virusi. Fundi husikiliza kama mganga. Akiambiwa inajizima, hushika kwanza feni, kwani joto na vumbi la pwani yetu huziba njia za hewa. Akiambiwa haiamki, huuliza kama umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Sehemu kubwa ya maradhi hayo haina uhusiano wowote na mfumo uliomo. Feni iliyojaa vumbi haijui Windows wala Linux.

Hiyo ndiyo huduma halisi ya mtumiaji wa bara ya Mombasa. Inatolewa ana kwa ana, kwa Kiswahili, na kwa bei ya maelewano. Ina ila zake: haiandikwi popote, na pale tatizo linapokuwa la mfumo wenyewe, dawa ya haraka ni kufuta kila kitu na kutia Windows upya. Lakini ipo, na inafikika kwa miguu. Mfumo wowote usiokuwa na fundi wa namna hiyo ni mgeni asiye na mwenyeji, hata uwe mzuri kiasi gani.

Je, ugeni huo ni wa milele? Sioni hivyo. Mwaka 2011, Safaricom ilipoanza kuuza simu ya Huawei Ideos kwa takriban shilingi 8,000, mafundi wengi wa simu walikuwa hawaijui Android. Leo mtafute fundi wa simu asiyeijua. Nayo Android imejengwa juu ya kiini kilekile cha Linux ambacho Linus Torvalds alikianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Fundi hujifunza kile ambacho wateja humletea. Wateja wakiwa mmoja mmoja, hana sababu ya kujifunza. Shule ishirini zikija pamoja, atajifunza kabla ya muhula kwisha.

Lugha nayo ina fungu lake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo iliwakusanya wataalamu wa lugha na kuivika Windows XP vazi la Kiswahili. Zilikuwa kazi za kupongezwa. Hata hivyo, kilichotafsiriwa hasa kilikuwa maneno ya juu ya kioo: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Mtumiaji akibofya penye neno Msaada, aghalabu hupelekwa kwenye kurasa za Kiingereza. Tumeupaka mlango rangi ya kwetu, lakini anayefungua haisemi lugha yetu. Kosa hili ni la pande zote mbili, na haliponyeki kwa kubuni istilahi zaidi. Linahitaji maelezo marefu, ya hatua kwa hatua, yaliyoandikwa na mtu aliyewahi kulitatua tatizo kwa mikono yake.

Ulimwengu umetupa mifano miwili ya kutafakari. Mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuhamishia kompyuta za ofisi zake kwenye Linux, na ukahamisha takriban 15,000. Mwaka 2017 baraza la mji lilipiga kura ya kurudi Windows. Zipo sababu nyingi zilizotajwa, zikiwamo siasa, lakini malalamiko ya watumiaji wa kawaida yalikuwa miongoni mwake. Ng'ambo ya bahari hii hii yetu, huko Kerala nchini India ambako kaskazi ilikuwa ikituletea vyombo, serikali ilianzisha mradi wa kompyuta mashuleni mwaka 2001, na baadaye shule zake zikategemea programu huria. Kerala haikuanza na sanduku. Iliwafunza walimu kwa wingi, ikaandika vitabu vya somo hilo kwa lugha ya Kimalayalamu pia, ikatengeneza toleo lake la Linux kwa mahitaji ya madarasa, na mwaka 2018 ikaanzisha vilabu vya wanafunzi ambao, pamoja na mengine, hujifunza kuzitunza mashine za shule zao. Kwa maoni yangu, Kerala ilisimama kwa sababu huduma ilitangulia mfumo.

Sisemi kwamba kila shule iitupe Windows kesho. Zipo kazi, kama vile programu fulani za uhasibu, ambazo hazina makao katika Linux, na mwalimu anayetayarisha watahiniwa hana budi kufuata kile kinachotahiniwa. Ninalosema ni kwamba mashine ambazo Windows 11 imezikataa zisihukumiwe kifo kabla ya kujaribiwa. Toleo la Ubuntu la Aprili 2024, mathalani, liliahidiwa marekebisho ya miaka 5 bila ya malipo, na yapo matoleo mengine mepesi zaidi kwa mashine kongwe. Mfumo wa aina hii huweza kujaribiwa kutoka kwenye kijiti cha kuhifadhia data pasipo kugusa kilichomo ndani ya kompyuta.

Kabla ya jaribio hilo, shule jirani zinaweza kufanya mambo matatu yasiyohitaji wafadhili. Kwanza, zichague mfumo mmoja huria kwa pamoja, ili kinachojulikana Shika Adabu kijulikane pia Mikindani. Pili, zimwalike fundi wa mtaa tangu siku ya kwanza na kumlipa ujira wake, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki wakati mwalimu akihamishwa. Tatu, kila shule iwe na daftari ambamo wanafunzi wataandika kwa Kiswahili sanifu tatizo lililotokea, maneno yaliyoonekana kwenye kioo, na hatua zilizolitatua. Mtaala wetu wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja wa umilisi saba wa kimsingi. Sijui zoezi la insha lenye manufaa zaidi kuliko hilo, wala njia bora zaidi ya kukipa Kiswahili maelezo kinayoyakosa.

Neno fundi limetoka katika kitenzi kufunda, kilekile kilichotuzalia kufundisha, mafunzo na mwanafunzi. Waliolizaa neno hilo hawakumtenga mwenye kutengeneza na mwenye kuelimisha. Sisi tumewatenga: fundi tukamwacha karakanani na ujuzi usioandikwa, mwalimu tukamwacha darasani na kitabu kisichojua kwa nini printa imegoma. Hadi wawili hao watakapoketi meza moja, mtumiaji wa kawaida wa Likoni, Kisauni na Changamwe ataendelea kungoja msaada kutoka mbali, wa kununua au wa hisani, usiojua hata jina la mtaa wake.